Mkialika watoto wote kwenye bethidei, wachezesheni wote

Jamani wazazi wenzangu wa Dodoma, kadondoo kadogo tu. Bethidei ya mwanangu tulimwalika mtoto wa jirani haoni, tukaishia kumkalisha pembeni na soda, niliona aibu sana. Mwaka uliofuata nikachukua mpira wa kawaida nikautia kwenye mfuko wa mkate (rambo si zilipigwa marufuku tangu 2019) nikafunga vizuri, ukibingirika unachakarisha, yeye anausikia unakotokea. Halafu wengine wote wakafungwa vitambaa machoni wakae chini waudake, weee, aliwanyoosha! Na wala sio mambo ya kubuni, mchezo wa wasioona uitwao goalball unaenda hivyohivyo na mpira wenye kengele, uko Paralimpiki tangu 1976.

Ile ya viti na muziki mi nimeitoa kabisa, mtoto anatolewa wa kwanza anakaa kulia saa nzima. Wekeni mikeka, muziki ukizima kila mtu akimbilie mkeka wowote, hatoki mtu, na kama kuna kiziwi basi we pungia kanga juu muziki ukikata aone. Mwenye kiti cha magurudumu mchezesheni kwenye sakafu ya simenti, huu mchanga wetu magurudumu yanazama.

Maputo muulize mama yake kwanza, watoto wengi wenye usonji ule mlio wa kupasuka unawavuruga kabisa, na achia chumba kimoja kimya asiye na raha akapumzike.