Namna ya Kuzuru Seu Vella, Kanisa Kuu na Ngome ya Kilimani Lleida

Lleida iko magharibi mwa Catalonia, nchini Hispania, kando ya mto Segre, na treni ya mwendo kasi kutoka Barcelona hufika kwa takriban saa moja, hivyo anayekaa Barcelona anaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Epuka adhuhuri za Julai na Agosti, kwa kuwa joto la uwanda ule ni kali na kileleni kivuli ni haba. Majira ya baridi nayo huleta ukungu mzito ambao wakati mwingine haupandi kutwa nzima, na siku ya namna hiyo kupanda mnara ni kujichosha bure. Kwa kawaida Jumatatu Seu Vella hufungwa, na saa za kufungua hubadilika kufuatana na majira, kwa hiyo zihakiki kabla ya kukata tiketi ya treni.

Kutoka uwanja wa Sant Joan, katikati ya mji, unaweza kupanda kwa lifti au kwa miguu. Uliza tiketi inayojumuisha kanisa pamoja na kasri la Suda, kisha uanze na Suda, ijapokuwa wageni wengi huiacha mwisho au hawaifikii kabisa. Hii ilikuwa ngome ya watawala Waislamu, na mji ulipotekwa mwaka 1149 ikawa makao ya wafalme. Mlipuko wa baruti wa mwaka 1812 uliibomoa vibaya, lakini ukisimama juu ya paa lake utaliona kanisa zima kwa mkupuo mmoja, na utaelewa kwa nini kila jeshi lilikitamani kilima hiki.

Kanisa lenyewe lilianza kujengwa mwaka 1203, mahali palipokuwa na msikiti mkuu, likawekwa wakfu mwaka 1278. Ua wake wa ndani, wenye varanda za matao pande zote, haukuwekwa ubavuni kama ilivyo desturi, bali mbele ya lango kuu, na varanda ya kusini iko wazi kuelekea mji na mashamba. Hapa usiharakishe. Madirisha makubwa ya matao ni 17, na nakshi za mawe zilizoyajaza hazifanani, kwa hiyo yazunguke moja baada ya jingine huku ukilinganisha michoro yake.

Baada ya Lleida kuanguka mikononi mwa majeshi ya mfalme Philip V mwaka 1707, katika vita vya kugombea ufalme wa Hispania, kanisa liligeuzwa kambi ya jeshi, na wanajeshi hawakuondoka hadi mwaka 1948. Madirisha ya ua yalizibwa kwa kuta, na ndani ya kanisa zikagawanywa sakafu za kulalia askari. Ukiona leo ukumbi mtupu, usio na mapambo mengi, usidhani wajenzi walikuwa bahili. Inua macho kwenye vichwa vya nguzo, ambako wanyama, majani na watu waliochongwa wamesalia, na usiondoke bila kuuona mlango wa Fillols upande wa kusini.

Mnara wa pembe nane uweke mwisho, ikiwa magoti yanaruhusu: ngazi zake ni 238, nyembamba na za kuzunguka, na mkoba mkubwa utakuwa mzigo. Juu kuna kengele mbili za karne ya 15, Silvestra inayopiga saa na Mònica inayopiga robo. Tazama saa yako kabla hujasimama karibu nazo.

Ukiteremka, pita barabara ya Carrer Major uitazame Seu Nova, kanisa kuu lililojengwa kati ya 1761 na 1781 kwa sababu lile la kilimani lilikuwa bado mikononi mwa jeshi. Migahawa ya jirani huuza konokono waliookwa kwenye sinia la bati, chakula ambacho wenyeji hukionea fahari. Asiyewataka atapata nyama choma na mboga bila taabu.