Kabla ya Kujiunga na Jumuiya ya Kibuddha Uingereza: Mambo ya Kuzingatia

Anayehamia Uingereza kutoka Dar es Salaam au Nairobi, akitaka kuishika njia ya Buddha pamoja na wenzake, yafaa aelewe mapema kwamba hakuna hekalu moja la Wabuddha wote. London Buddhist Vihara, iliyoanzishwa mwaka 1926 na Anagarika Dharmapala, ni ya mapokeo ya Sri Lanka. Buddhapadipa ya Wimbledon ni ya Kithai. Samye Ling, iliyoanza mwaka 1967 huko Uskoti, ni ya Kitibeti. Na Amaravati, katika jimbo la Hertfordshire, ilianzishwa na Ajahn Sumedho, mtawa mzaliwa wa Marekani aliyefunzwa Thailand. Tofauti hizi hugusa lugha, chakula, namna ya kuketi na hata muda wa kukaa kimya.

Jambo la kuuliza kwanza, kwa simu au barua pepe, ni lugha. Katika mahekalu mengi ya wahamiaji, mwisho wa juma ndio wakati wa wazee kuzungumza lugha ya kwao na watoto kufundishwa mila, kwa hiyo mgeni atakayesikia Kisinhala, lugha ya Sri Lanka, saa nzima asidhani amekataliwa. Hata sisi, tukikutana ugenini, humsahau mgeni wetu tukianza Kiswahili. Aulize ni siku gani mafunzo hutolewa kwa Kiingereza, naye aanzie hapo.

Adabu zake si ngumu kwa aliyelelewa Pwani. Viatu huvuliwa mlangoni, mabega na magoti hufunikwa, na nyayo hazielekezwi kwenye sanamu ya Buddha. Mtawa hapewi mkono, hasa na mwanamke; huamkiwa kwa viganja vilivyounganishwa. Watawa wa Theravada, yaani mapokeo ya Sri Lanka na Thailand, hawali mlo baada ya saa sita mchana, hivyo anayetaka kuwapelekea chakula afike mapema, wala asije na sufuria ya pilau saa kumi akashangaa kuona haiguswi.

Kuhusu fedha, monasteri za Theravada kwa kawaida huendeshwa kwa matoleo ya hiari, na Amaravati haiwatozi wageni wanaolala pale. Vituo vingine hutoza ada ya mafungo, yaani siku za kujitenga kwa ajili ya kutafakari, jambo ambalo peke yake si kosa. Hata hivyo, kwa vituo vya England na Wales, ni busara kutafuta jina la kituo katika daftari la wazi la mashirika ya hisani, ambamo huonekana wadhamini wake na, mara nyingi, hesabu zake. Mwalimu asiyehojiwa, au anayemtaka mwanafunzi ajitenge na ndugu zake, aachwe mara moja, hata awe na sifa kubwa namna gani.

Lililo gumu zaidi kupima ni ukarimu wenyewe. Huenda Mwafrika akajikuta peke yake ukumbini, na maneno “wote mnakaribishwa” yaliyobandikwa mlangoni hayatamwambia mengi. Abaki wakati wa chai, atazame kama kuna anayemuuliza jina, kisha arudi mara ya pili na ya tatu aone kama linakumbukwa. Asipime kwa siku ya Vesaki, sikukuu ya kumkumbuka Buddha wakati wa mwezi mpevu wa Mei, ambapo kumbi hufurika na kila mtu hutabasamu. Apime jioni ya kawaida ya Novemba, mvua ikinyesha na waliohudhuria wakiwa kumi tu.