Namna ya Kufidia Ardhioevu Inapojengwa Kando ya Ziwa Victoria

Kabla ya kufikiria fidia, yaani kurejesha ardhioevu nyingine badala ya ile inayoharibiwa na ujenzi, pima mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya eneo hilo, na hakuna mafunjo (mimea mirefu ya kinamasi) yaliyopandwa kwingine yatakayohalalisha jengo lililowekwa humo.

Nchini Marekani mjenzi huweza kununua krediti za benki ya ardhioevu, yaani hulipia sehemu ya eneo lililorejeshwa na mtu mwingine likakaguliwa. Kwa Mwanza, ni afadhali mwenye mradi arejeshe eneo mwenyewe na kulieleza katika tathmini ya athari kwa mazingira inayowasilishwa NEMC, baraza la taifa la mazingira.

Chagua eneo lililo katika bonde lilelile: taka zinazoshuka na Mto Mirongo wa jijini Mwanza hazitachujwa na mafunjo ya wilaya ya Magu. Ziba kwanza mifereji iliyolikausha, kisha chimbua vipande vya mashina ya mafunjo yatambaayo chini ya tope, vyenye machipukizi, uvipande mahali ambapo maji hayapiti kifundo cha mguu. Ng'ombe wazuiwe tangu siku ya kwanza, kwani machipukizi hayo laini huwavutia mno wakati wa kiangazi. Ukaguzi uendelee kwa misimu kadhaa, na magugu maji yang'olewe kila yanapoonekana.