Ukisoma Kiingereza cha zamani, ogopa maneno unayoyajua

Watu wengi wakishika maandishi ya Kiingereza ya miaka ya 1600 wanaogopa yale maneno ya ajabu ajabu, kumbe hayo wala hayana shida, neno usilolijua si utalitafuta tu kwenye kamusi. Linalokuangusha ni lile unalolijua tangu shule ya msingi, unalipita mbio mbio na kumbe enzi hizo lilikuwa na maana nyingine kabisa.

Sa unalikamataje? Kwanza sentensi yenyewe ikikaa vibaya usimlaumu mwandishi, rudi nyuma ushuku neno la kawaida kuliko yote hapo. Mfano Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Zaburi 119:147, mtu anasema "I prevented the dawning of the morning". Alfajiri inazuiwaje jamani? Haizuiwi. Prevent imetoka Kilatini, maana yake kuja kabla, yaani jamaa anasema aliamka kabla hakujakucha. Biblia hiyo hiyo Mwanzo 1:29 Mungu anawapa watu mimea na matunda iwe "meat", na hapo hakuna nyama hata kipande, meat ilikuwa chakula chochote. Kwa Biblia una bahati maana unaweza kufungua ya Kiswahili pembeni, pale 1 Wathesalonike 4:15 penye prevent utakuta "hatutawatangulia", kazi imeisha.

Pili angalia mwaka, na namaanisha mwaka maandishi yalipoandikwa, sio mwaka kitabu kilipochapishwa upya. Hii watu wanaidharau halafu wanapotea.

Tatu, kamusi. Hizi za wanafunzi hazitakusaidia hapa, zinakupa maana za leo tu. Kwa maandishi ya miaka ya 1700 fungua ya Samuel Johnson ya 1755, iko onlaini bure, na kwa Wamarekani wa miaka ya 1800 kuna ya Noah Webster ya 1828. Ila mfalme wao ni Oxford English Dictionary, ile kubwa, sehemu ya kwanza ilitoka 1884 na wakaja kuimaliza 1928. Uzuri wake kila maana imewekewa sentensi halisi zilizoandikwa na watu, zina miaka, zimepangwa kuanzia ya zamani, kwa hiyo we shuka nazo mpaka uufikie mwaka wa maandishi yako uone neno lilikuwa linatumikaje. Ukiona kamsalaba kadogo mbele ya maana ujue hiyo imeshakufa. Ni ya kulipia lakini maktaba nyingi zimeilipia, ulizia. Ukikwama kabisa, Etymonline, tovuti ya asili ya maneno ya Kiingereza, ni bure na inakupa historia kwa kifupi.

Ukishaipata maana ichomeke kwenye sentensi usome tena yote. Kwenye tamthilia ya Shakespeare, Hamlet marafiki zake wanamshika asiufuate mzimu wa baba yake, anafoka "I'll make a ghost of him that lets me". Ukiweka let ya leo, ya kuruhusu, anatishia kumuua atakayemwachia! Weka ya kuzuia, imekaa sawa. Na hapa pananoga kweli, maana zilikuwa vitenzi viwili tofauti, kimoja kuruhusu kingine kuzuia, matamshi yakaja yakafanana mpaka kile cha kuzuia kikazidiwa nguvu. Mabaki yake bado yapo, kwenye tenisi mpira wa kuanzishia ukigusa wavu kisha ukatua mahali pake unaitwa let, na pasipoti ya Uingereza ina maneno "without let or hindrance".

Ila usije ukageuza haya kuwa fimbo ya kuchapia watu. Nice ilipoingia Kiingereza kwenye 1300 hivi ilimaanisha mjinga, mzizi wake ni Kilatini cha "asiyejua", sasa mtu akikusifia leo kwa nice ukamwambia amekutukana, mjinga ni wewe. Silly nayo ilienda kinyume, ilianza na mtu aliyebarikiwa ikateremka hadi mpumbavu. Maana ya leo inaamuliwa na wanaoongea leo, basi.

Na hizi hadithi za mitandaoni kwamba neno fulani la kale ni herufi za mwanzo za maneno fulani, zitilie shaka sana, maneno ya namna hiyo yalikuwa adimu mno kabla ya karne ya 20. Ile ya posh, yaani ya kifahari, kwamba eti ni kifupi cha "port out, starboard home" kwenye tiketi za meli, inasambaa kila siku na ushahidi hamna.

Ya kuanza kuyashuku: quick ni hai, conversation ni mwenendo, suffer mara nyingi ni ruhusu, presently ni sasa hivi hivi, wherefore ni kwa nini (Juliet wa Shakespeare akisema "wherefore art thou Romeo?" hamtafuti Romeo, anauliza kwa nini awe Romeo), na ukirudi nyuma zaidi girl ni mtoto yeyote, wa kiume pia, deer ni mnyama yeyote.