Kabla ya Kuripoti Kero ya Mtaa, Mjue Mhusika

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kuripoti kero ya mtaani kwake hana budi kujua kwanza iko chini ya nani, kwa kuwa malalamiko huweza kukwama kwa kupelekwa mlango usiohusika tu. Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, ilhali za mitaani zimo mikononi mwa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu mwaka 2017. Bomba la maji lililopasuka na chemba ya majitaka inayofurika ni vya DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya jiji. Taka zilizorundikana huanzia kwa mtendaji wa mtaa.

Simu inafaa kwa dharura, kama vile waya wa umeme ulioanguka, ambapo shirika la umeme, TANESCO, linapaswa kuarifiwa mara moja. Kwa mengine, ni heri barua fupi inayotaja mtaa, kata, alama inayotambulika kama shule au kituo cha daladala, tarehe tatizo lilipoanza na madhara yake, ikiambatishwa picha. Peleka nakala mbili, moja ibaki ofisini na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo. Bila muhuri huo, ufuatiliaji wa baadaye huwa maneno matupu. Barua iliyosainiwa na wakazi kadhaa na kupitia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa huwa na uzito zaidi, na nakala kwa diwani humpa hoja ya kuuliza katika baraza la madiwani, ambako bajeti ya halmashauri hujadiliwa na kupitishwa.