Kilti haina mlegezo

Kilti, yale mavazi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, zililetwa kibandani kwangu Kirumba, Mwanza, zikiwa kwenye mifuko, siku mbili kabla ya harusi. Binti wa jirani alikuwa anaolewa na kijana kutoka Uskoti. Nikaona marinda, nikajisemea, hii naijua, sketi za shule nimeshona mpaka vidole vimeota sugu. Nikamvalisha mpambe, kijana wa Igoma, marinda mbele. Bwana harusi alicheka mpaka akakaa chini.

Marinda ni nyuma, tena mengi: kilti kamili inakula yadi 8 za sufu. Mbele kuna vipande viwili visivyo na marinda, kimoja juu ya kingine. Cha ndani kinatoka kulia kwenda kushoto, mkanda wake unapenya kwenye tundu la kiunoni na kufungwa upande wa kushoto. Cha juu kinafuata, kinaishia kulia, penye ukingo wa nyuzinyuzi.

Kinachowashinda vijana wetu ni kimo. Wamezoea suruali ya mlegezo, basi na kilti wanaiteremsha nyongani, inafika katikati ya muundi kama kitenge. Ipandishe mpaka kwenye kitovu, hata juu yake kidogo. Halafu mpigishe magoti: pindo liachane na sakafu kama inchi moja. Likigusa, pandisha tena.

Pini kubwa inakaa pembeni chini kulia, kwenye kipande cha juu PEKE YAKE. Mimi kwa kuogopa upepo wa ziwa nilibana vipande vyote viwili. Mpambe alipopiga magoti kanisani nikasikia mlio hadi benchi la tatu. Tundu la ukubwa wa punje ya harage, kwenye sufu ya watu. Pini ile ni pambo na uzito tu, haifungi kitu.

Kilti haina mfuko, kwa hiyo kuna sporani, kipochi cha ngozi kinachoning'inia mbele katikati, kama vidole vinne chini ya kizibao. Simu na bahasha humo. Wakati wa kucheza kisukumie nyongani, la sivyo kitakupigapiga usiku kucha. Soksi ni nzito, zinakunjwa chini kidogo ya goti. Kile kisu kidogo, sgian dubh, kinachomekwa kwenye soksi ya kulia, mpini tu ndio uonekane. Anayekuja kwa ndege akiweke kwenye begi la kupakia, si la mkononi.

Koti? Mchana wanavaa la Argyll na tai ndefu. Usiku wanavaa koti la Prince Charlie, kizibao na tai ya kipepeo, na ukivaa kizibao hicho mkanda wa kiunoni unaachwa. Kwa joto la Mwanza, siku ya kula sato ufukweni vua koti, kunja mikono ya shati, inatosha.

Kukaa: pitisha viganja nyuma, laza marinda chini ya makalio, ndipo ukae. Usipande bodaboda. Tulikodi Noah.

Mjomba wa bibi harusi aliuliza ile mistari ya kitambaa cha kilti ni ya ukoo gani. Bwana harusi akamweleza ni ya upande wa babu yake, akaongeza kwamba Waingereza waliwahi kupiga marufuku vazi hilo la Nyanda za Juu za Uskoti, kuanzia 1746 hadi 1782, kwa sababu ya uasi. Mjomba akatikisa kichwa: "Sketi tu?" Lakini baada ya hapo hakuita sketi tena.

Kina mama wa kamati nao mmoja mmoja walinivuta pembeni. "Fundi, eti ndani wanavaa nini?" Mama, wenyewe wana utani wao kwamba hawavai kitu. Mimi nilimpa mpambe bukta nyeusi. Kilti ni ya kukodi, upepo ni wa ziwa, na kwaito inapigwa.

Usifue. Piga bandi marinda kwanza, weka kitambaa chenye unyevu juu, kandamiza pasi bila kuiburuta. Mimi natumia ya mkaa, majivu nayapuliza mbali. Ya mpambe iliporudi Jumatatu, kabla ya pasi nilikung'uta wadudu wa ziwa kwenye marinda. Lile tundu nililiziba kwa uzi wa sufu nilioutoa kwenye pindo la ndani, na nauli ya kilti kurudi Uskoti tukagawana na mpambe.