Usiulize nani kiongozi, uliza nani anaweza kukunyima

Sawa, unataka kufanya utafiti wa afya ya akili mtaani na nani ana nguvu juu ya watu, umepata pamiti ya NACOSTI, ile tume ya serikali inaruhusu utafiti, umeipitisha kwa kamishna wa kaunti, sasa chifu anasema atakupa mzee wa mtaa akuzungushe Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Shukuru, kunyweni chai, lakini usiingie naye kwa nyumba ya mtu. Mimi nilifanya hiyo makosa mara ya kwanza, mtaa mwingine sitautaja, siku mbili nzima kila mtu ananiambia ako sawa, analala vizuri, kumbe huyo mzee ndiye huandika majina ya chakula cha msaada na nani atajichoma mbele yake.

Anza na ramani, na sio ya Google, ya nani ana nguvu. Tafuta watu kama kumi, uliza swali moja tu: hapa nani anaweza kukunyima kitu? Ukiuliza nani kiongozi utatajiwa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, na askofu, basi. Ya kunyima ndio itakuletea mwenyekiti wa steji ya boda, mweka hazina wa chama cha akiba, landlodi, mwenye kufungua mfereji. Ukishuka ziwani utasikia BMU (Beach Management Unit), wale wanasimamia ufuo, kanuni zao zilitoka 2007, na ukikaa na wamama wa samaki mpaka jua lipoe, polepole watafika kwa jaboya, yaani mvuvi mwenye anataka mwili wako kwanza ndio akuuzie samaki. Hapo huhitaji kutafuta mawazo, yaani stress, yametoka wapi.

PHQ-9, fomu ya kupima depresheni, iko na Kiswahili, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, itumie, ila usianze na neno depresheni, sema mawazo mingi, watu wanaelewa. Alafu rudisha kila jibu kwa ramani: usingizi ulianza kupotea lini, kabla ama baada ya jina la mtoto kukatwa kwa basari?

Swali la tisa ndio nzito, ile ya kujidhuru. Kujaribu kujiua ilikuwa kosa la jinai, kifungu 226 cha Kanuni ya Adhabu, mpaka Mahakama Kuu ikasema Januari 2025 kinakiuka katiba, lakini woga wa watu haujasoma hiyo hukumu, mtu bado anadhani utampigia chifu. So kabla uulize, ongea na CHP, mhudumu wa afya wa mtaa, na kliniki, ujue huyo mtu utampeleka wapi siku hiyohiyo akisema ndio, usimwachie hiyo jibu kwa mlango alafu urukie boda.

Na majina usiandike kabisa. Hata ukiandika "mama wa kibanda ya bluu" hiyo ni jina tayari, atajulikana kabla hujafika Kondele, upande mwingine wa mji.